Spirit AeroSystems: kiwanda kilichokuwa kikiipandisha ndege treni

Safari ya kwanza ya Boeing 737 huwa ya reli. Mwili wake, kuanzia puani hadi nyuma kunakofungwa mkia, huunganishwa Wichita, jimbo la Kansas. Ukikamilika hupakiwa kwenye behewa bapa ukiwa na rangi yake ya kijani ya kukinga bati, ukavutwa zaidi ya kilomita 3,000 hadi Renton, jimbo la Washington. Huko ndiko unakofungwa mabawa, injini na viti. Julai 2014 treni moja ilitoka relini Montana ikiwa na miili sita, na mitatu ikaporomoka hadi mto Clark Fork. Picha za wapiga makasia wakipita kando ya ndege zisizo na mabawa zilizagaa kila mahali. Yote sita iliishia kukatwa chuma chakavu.

Mimi ni fundi wa muundo wa ndege, yaani kazi yangu ni bati, fremu na ribiti, vile vipini vya chuma vinavyoshikiza bati. Injini nawaachia wengine. Kwa hiyo kampuni iliyojenga miili hiyo, Spirit AeroSystems, naifuatilia kuliko hata Boeing yenyewe. (Haina undugu wowote na shirika la ndege la Spirit, lile la tiketi za bei ya chini. Naulizwa kila mara.)

Kiwanda chenyewe ni cha zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Boeing ilijenga hapo Wichita ndege 1,644 za kivita aina ya B-29. Mwaka 2005 Boeing iliamua kwamba faida iko kwenye kubuni ndege na kuziunganisha, si kwenye kutoboa bati, ikaiuzia Onex, kampuni ya uwekezaji ya Kanada, kiwanda hicho. Hivyo ndivyo Spirit ilivyozaliwa. Mafundi walibaki walewale na majengo yaleyale. Kilichobadilika ni kwamba sasa kati ya Wichita na Renton kulikuwa na mkataba, bei na ankara. Kwa maoni yangu matatizo yote yaliyofuata yana mzizi hapo.

Ili uelewe kwa nini, tazama mwili wa ndege ulivyo. Ni mabati membamba ya alumini yaliyopigwa ribiti juu ya fremu za duara na mapau marefu yanayokwenda urefu wa ndege. Ndege ikipanda juu, ndani hujazwa hewa ili abiria wapumue, na hewa hiyo husukuma kuta kwa nguvu inayokaribia tani 6 kwa kila mita ya mraba. Ikitua, shinikizo hushuka. Ikiruka tena, hupanda. Bati linavutwa na kuachiwa maelfu ya mara, na mahali linapochoka kwanza ni kwenye kingo za matundu ya ribiti. Tundu likiwa na mkwaruzo ndani, au likiwa limepinda kidogo, au likikaribia mno ukingo wa bati, ndipo ufa unapoanzia. Halitaua mtu kesho. Huenda likaleta shida baada ya miaka mingi, kwenye ndege ambayo imekwisha kuuzwa mara mbili.

Ndiyo maana habari ya Agosti 2023 ilitushtua mafundi kuliko ilivyowashtua waandishi. Iligundulika kuwa kwenye miili ya 737 iliyotoka Spirit, katika ukuta wa nyuma unaozuia hewa ya kabini isitoke, baadhi ya matundu yalikuwa hayakutobolewa sawasawa. Ndege zilikuwa zikiruka salama, lakini ilibidi matundu yakaguliwe moja moja.

Kisha ikaja tarehe 5 Januari 2024. Ndege mpya ya Alaska Airlines, 737 MAX 9 (MAX ni toleo jipya la 737), ilikuwa imetoka tu Portland ikiwa na watu 177, kizibo cha mlango kikachomoka na kuacha shimo ukutani. Kizibo hicho huwekwa pale ambapo shirika halihitaji mlango wa ziada wa dharura. Hakuna aliyekufa. Wengi walikimbilia kuilaumu Spirit, kwa kuwa ndiyo iliyokijenga kizibo, kwenye kiwanda chake cha Malaysia. Uchunguzi ulionyesha picha iliyochangamana zaidi. Mwili ulifika Renton ukiwa na ribiti tano zenye kasoro karibu na kizibo. Ili kuzifikia, kizibo kikafunguliwa hukohuko Renton, kwenye kiwanda cha Boeing. Ribiti zikabadilishwa na watu wa Spirit. Kizibo kikarudishwa bila bolti nne zinazokizuia kupanda juu na kuchomoka. Na hakuna karatasi yoyote iliyoandika kwamba kilifunguliwa.

Katika kazi yetu, kazi isiyoandikwa haijafanyika. Laiti pangekuwa na kadi ya kufungua, mkaguzi angelazimika kusaini kadi ya kufunga, naye angehesabu bolti. Lakini kasoro ilikuwa ya kampuni moja, ndege imo kwenye kiwanda cha nyingine, na muda mwingi ulipotea kwa pande mbili kubishana nani atengeneze nini. Kwa miaka mingi Boeing ilikuwa ikipokea miili yenye viporo, ikiamini vitamaliziwa Renton. Machi 2024 ikabadili utaratibu: mwili usipite ukaguzi, usipande treni.

Kwa nini Wichita ilituma viporo? Hesabu zake zinaeleza mengi. Spirit ilipata hasara ya dola milioni 616 mwaka 2023. Mteja wake mkuu ndiye aliyekuwa akibana bei, na kabla ya MAX kusimamishwa kuruka mwaka 2019, kiwanda kilikuwa kikitoa miili hadi 52 kwa mwezi. Halafu janga la korona likaja, mafundi wazoefu wakaondoka. Mkono unaojua kutoboa tundu safi haupatikani kwa tangazo la kazi.

Julai 2024 Boeing ilitangaza kuinunua tena, kwa dola bilioni 4.7 za hisa, au bilioni 8.3 ukijumlisha madeni. Kazi ambazo Spirit ilikuwa ikiifanyia Airbus, mshindani wa Boeing, zilichukuliwa na Airbus yenyewe, na mpango ukakamilika Desemba 2025. Hapa linaingia jambo linaloihusu Air Tanzania moja kwa moja. Pua za Boeing 787 zake zimetoka Wichita, na miili ya 737 MAX 9 zake vilevile. Mabawa ya Airbus A220 zake hutengenezwa Belfast, Ireland ya Kaskazini, kwenye kiwanda ambacho Spirit ilikinunua kwa Bombardier, kampuni ya Kanada, mwaka 2020. Sasa Belfast imegawanywa: kazi ya mabawa na ya sehemu ya kati ya mwili wa A220 ni ya Airbus, kazi iliyobaki ni ya Boeing.

Upande wa ulinzi ndio mgumu zaidi kuufumbua. Spirit inajenga sehemu za B-21, ndege ya siri ya kudondosha mabomu ya Northrop Grumman, na Northrop ni mshindani wa Boeing. Wadhibiti wa ushindani wa Marekani waliruhusu ununuzi kwa sharti kwamba Boeing iendelee kuwahudumia washindani wake wa aina hiyo, na siri zao zisivuke kuingia ofisi za Boeing.