Mashua ya tanga katika Ghuba ya Winam: yanayodhaniwa kuhusu matunzo yake, na ukweli wenyewe

Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria ulio upande wa Kenya, imejua tanga tangu zamani, na hadi leo wavuvi wa Dunga na wa fuo nyingine hutoka kwa upepo wa nchi kavu alfajiri na kurejea kwa upepo wa ziwa mchana. Mume na mke wanaonunua mashua ndogo ya faiba (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ya plastiki) ili wasafiri wenyewe, wakilala kisiwani Ndere leo na Mbita kesho, huingia katika maarifa hayo wakiwa wamebeba mashauri mengi yaliyotoka mbali: kwa watu waliojifunzia baharini, au kwa watu ambao hawajawahi kukwangua mashua hata siku moja. Mimi na mume wangu tunatunza mashua ya namna hiyo hapa Kisumu, na kwa maoni yangu, dhana inayoharibu mashua nyingi kuliko nyingine zote ndiyo hii ninayoanza nayo.

Dhana: Maji ya ziwa hayana chumvi, kwa hiyo hayaharibu mashua

Ni kweli kwamba chuma na nyaya za kushikilia mlingoti hudumu zaidi hapa kuliko Mombasa, na kwamba mdudu wa baharini anayetoboa mbao hawezi kuishi ziwani. Watu wengi huishia hapo, wakahitimisha kwamba mashua ya ziwani haihitaji uangalizi mkubwa. Ukweli ni kwamba maji yasiyo na chumvi yana njia zake za kuharibu, na kadhaa kati ya hizo ni kali kuliko za bahari.

Tuanze na faiba. Watu huiona kama kitu kisichopenyeka, ilhali hupitisha maji kidogo kidogo. Maji hayo yakikutana ndani na kemikali ambazo hazikuiva vizuri wakati mashua ilipokuwa ikiundwa, huzaa kimiminika chenye asidi, nacho huvuta maji mengine kutoka nje, mpaka malengelenge yanajitokeza chini ya rangi. Mvuto huo huwa mkubwa zaidi kadiri maji ya nje yanavyopungukiwa na chumvi, na joto huuharakisha. Ziwa letu halina chumvi na lina joto mwaka mzima. Ndiyo maana mashua iliyokaa miaka mingi baharini bila lengelenge hata moja inaweza kuanza kuyatoa baada ya kuletwa ziwani. Lengelenge likionekana, halifunikwi kwa rangi. Hukwanguliwa hadi kwenye faiba nzima, likaoshwa kwa maji safi mara nyingi, likaachwa likauke kabisa, ndipo lizibwe kwa epoksi, gundi ya kuchanganywa inayoganda na kuwa ngumu.

Mbao nazo huoza upesi zaidi kwa maji ya mvua kuliko kwa maji ya bahari, kwa sababu chumvi huzuia kuvu. Adui mkubwa wa mashua ya mbao hapa ni tundu dogo la skrubu kwenye sitaha, ambalo mvua huingilia na kukaa humo bila kuonekana. Gongagonga mbao kwa mpini wa bisibisi: mbao nzima hulia kwa sauti kavu, na iliyooza hutoa sauti nzito isiyo na mwangwi.

Kisha kuna vile vipande vya metali vinavyofungwa chini ya mashua ili vilike badala ya propela na mhimili wake. Mashua zinazotoka pwani huja na zinki. Zinki hufanya kazi vizuri katika maji ya chumvi, lakini katika maji yasiyo na chumvi hujifunika gamba na kuacha kufanya kazi, ikaendelea kuonekana nzima huku propela ndiyo inayoliwa. Ziwani hutumika metali ya magnesi (magnesium). Mwenye mashua anayefurahi kwamba zinki yake haijapungua tangu mwaka jana anapaswa kuingiwa na wasiwasi.

Jambo jingine hujitokeza wakati wa radi. Maji ya ziwa hupitisha umeme vibaya kuliko ya bahari, hivyo bamba la metali linalopeleka radi kutoka mlingotini hadi majini huhitaji kuwa na eneo kubwa zaidi hapa, la sivyo umeme hutafuta njia yake kupitia kando za mashua.

Dhana: Kwa kuwa hatuna majira ya barafu, mashua inaweza kukaa majini mwaka mzima

Huko Ulaya baridi humlazimisha mtu kuitoa mashua majini. Hapa hakuna kinacholazimisha, na hilo ndilo tatizo, kwa sababu kazi isiyo na tarehe huahirishwa. Inawabidi wenye mashua wajipangie msimu wao wenyewe, na wengi huchagua Aprili kwa hoja kwamba mvua za masika haziwaruhusu kusafiri. Nadhani huo ni uchaguzi mbaya. Faiba iliyolowa haikauki katika hewa ya Aprili, na epoksi inayoganda kwenye unyevu hutoa utando kama nta ambao lazima uoshwe na kusuguliwa kabla ya kupaka tabaka jingine, vinginevyo tabaka hilo litabanduka. Januari na Februari ndiyo miezi yenye ukavu wa kutosha. Inauma kuacha siku nzuri za tanga zipite huku mashua imekaa juu ya magogo, lakini rangi iliyopakwa Januari hushika, na masika hutumika kwa kazi za ndani: nyaya za umeme, betri, mito, pampu ya kutoa maji ya ngama, yaani yanayojikusanya chini ndani ya mashua.

Kuna wanaokwepa gharama ya kupandisha mashua kwa kuisugua ikiwa majini, wakiwa wamesimama kwenye maji ya kiunoni karibu na ufuo. Hilo ningelikataza kabisa. Konokono wanaobeba kichocho huishi katika maji ya pembeni yenye majani, na vimelea vyake hupenya ngozi bila mtu kuhisi chochote. Sehemu ile ile inayofaa kwa kusimama na kusugua ndiyo yenye hatari kubwa kuliko nyingine. Ute wa kijani unaoota chini ya mashua huondoka kwa urahisi ukisuguliwa nchi kavu ukiwa bado mbichi. Wala hakuna haja ya kupaka rangi nzito yenye shaba kama ya mashua za baharini, kwa sababu viumbe wenye magamba magumu ambao rangi hiyo ilitengenezwa kuwazuia hawapo ziwani, na maji haya yana samaki na watu wanaoyachota kwa matumizi ya nyumbani.

Dhana: Gugumaji ni shida ya wenye injini tu

Mmea huu ulitoka Amerika Kusini na ulifika ziwani mwishoni mwa karne ya 20. Haukai mahali pamoja, bali husukumwa na upepo. Asubuhi gati linaweza kuwa wazi, na jioni mashua zote zikawa zimezingirwa. Zulia zito la gugumaji likisukumwa na upepo dhidi ya mashua iliyofungwa, huvuta kamba na mnyororo kwa nguvu ambazo mwenye mashua hakuzipangia, na mizizi yake hujisokota kwenye usukani. Kwa hiyo pingu za mnyororo wa nanga na kamba za gati hukaguliwa mara nyingi zaidi kwetu kuliko vitabu vya baharini vinavyoagiza.

Kwa upande wa injini, mizizi huziba tundu la kuvutia maji ya kupoza. Gurudumu la mpira lililo ndani ya pampu likizunguka pakavu huharibika kwa dakika chache tu. Uwe na la akiba, na mjue wote wawili jinsi ya kulibadilisha mkiwa katikati ya ghuba.

Dhana: Upepo ni wa bure

Upepo ni wa bure, lakini tanga linanunuliwa, na anayelimaliza ni jua. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,130 kutoka usawa wa bahari, na miale ya jua hapa ni mikali. Mara nyingi uzi wa mshono hufa kabla ya kitambaa. Ukikwaruza mshono kwa ukucha na uzi ukakatika, tanga hilo linahitaji kushonwa upya hata kama kitambaa bado kinang'aa. Tanga lishushwe na kufunikwa turubai kila safari inapokwisha, hata kama mnatarajia kutoka tena kesho yake, na lisiachwe lipigepige katika upepo.

Dhana: Ziwa ni tulivu kuliko bahari

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na ndani ya ghuba sehemu nyingi hazifiki kina cha mita 10. Upepo mkali juu ya maji ya kina kifupi huzaa mawimbi mafupi yaliyosimama wima, yanayokuja moja baada ya jingine kabla mashua haijapata kujiinua. Katikati ya ziwa dhoruba nyingi huja usiku, pepo za nchi kavu zinapokutana huko kutoka pande zote. Huku Kisumu ngurumo huja zaidi alasiri. Wenye kwenda Mbita au Mfangano huondoka mapema, wakawa wametia nanga kabla ya alasiri. Sakafu ya ghuba ni tope laini, kwa hiyo nanga iwe na makombe mapana, yaani zile ncha zake zinazozama topeni, na kamba yake ifike angalau mara tano ya kina.

Dhana: Mume ni nahodha na mke ni msaidizi

Dhana hii ni hatari hasa kwa sababu mashua ina watu wawili tu. Mmoja akianguka majini, anayebaki ndiye nahodha, fundi na mwokozi kwa pamoja. Katika nyumba nyingi mume hushika usukani na injini, na mke hushika kamba na jiko, msimu baada ya msimu, mpaka kila mmoja anakuwa mgeni katika nusu ya mashua yake mwenyewe. Hata matunzo yakigawanywa hivyo, ujuzi hauenei: aliyefungua chujio la dizeli kwa mikono yake ndiye anayejua kwamba maji hukaa chini ya tangi, na kwamba injini ikikohoa baada ya mawimbi huenda maji hayo yametikiswa. Badilishaneni kazi kila mara mashua inapopandishwa. Na siku ambayo ziwa limetulia, mbali na majani ya ufuo, mmoja avae jaketi ya kujiokolea aingie majini, na mwenzake ajaribu kumpandisha peke yake kwa henza, ile kamba ya kupandishia tanga, na kapi. Mtu aliyelowa ni mzito mno kuinuliwa kwa mikono, na wengi hugundua katika jaribio hilo kwamba ngazi yao ni fupi, haifiki majini, au kwamba kapi imeganda kwa kutotiwa mafuta.