Nyoka mchanga anayesusa chakula

Wafugaji wengi huamini kwamba nyoka mchanga asiyekula siku chache baada ya kuletwa nyumbani atakufa asipolishwa kwa nguvu. Hofu hiyo inaeleweka; lakini nyoka hutumia nishati kidogo, na aghalabu kinachomnyima hamu ni ugeni wa mahali, kushikwashikwa, ukosefu wa maficho au baridi, ambayo pia huzuia chakula kusagika tumboni. Inafaa aachwe atulie takriban siku 7, kisha apewe kwa koleo kitoto cha panya kilichoyeyushwa barafu na kupashwa joto, kisichozidi sana unene wa kiwiliwili chake. Mizani ya gramu ndiyo shahidi bora: uzito ukishuka mfululizo, aonwe na daktari wa wanyama, kwani kulishwa kwa nguvu na asiye na ujuzi huweza kumjeruhi koo.