Keir Hardie hakuwa mbunge wa kwanza mfanyakazi

Husemwa mara nyingi kwamba Keir Hardie, mchimba makaa ya mawe kutoka Scotland, ndiye mfanyakazi wa kwanza kuingia Bunge la Uingereza. Sivyo. Thomas Burt na Alexander Macdonald, wachimba migodi pia, walichaguliwa mwaka 1874, Hardie akiwa bado kijana wa machimboni. Walikaa upande wa chama cha Waliberali, labda ndiyo sababu wamesahaulika.

Hata ile "kofia ya kibarua" ambayo husemwa Hardie aliingia nayo bungeni mwaka 1892 ilikuwa kofia ya wawindaji, yenye kingo mbele na nyuma.

Kazi nzito ya Hardie ilikuja baadaye. Mwaka 1901 mahakama ilikuwa imeamua katika kesi ya kampuni ya reli ya Taff Vale kwamba chama cha wafanyakazi kinaweza kushtakiwa kwa hasara ya mgomo; chama cha wafanyakazi wa reli kikatozwa pauni 23,000. Uchaguzi wa 1906 ukaleta wabunge 29 wa Labour, chama cha siasa cha wafanyakazi, Hardie akawa mwenyekiti wao. Serikali ilikuwa na mswada wake wa kuvikinga vyama vya wafanyakazi dhidi ya mashtaka hayo, lakini dhaifu. Labour wakaleta wa kwao, na waziri mkuu Campbell-Bannerman akaukubali. Mwaka huohuo vyama vya wafanyakazi vikapata kinga hiyo kisheria.