Si kila jiwe jeusi zito ni koltani

Ukiona picha ya mchimbaji wa Kivu, mashariki mwa Kongo, ameshika konzi ya mchanga mweusi, maelezo chini yake yatasema koltani. Hata picha ikiwa ya Bisie, kule Walikale, mahali palipojulikana tangu miaka ya 2000 kwa kasiteriti. Na mawe ya Kyerwa, Kagera, nchini Tanzania, ambako bati limechimbwa tangu enzi za ukoloni, nayo siku hizi yanabatizwa jina hilohilo.

Kwa kifupi, kasiteriti ni mbale ya bati, yaani jiwe linalotolewa bati: bati na oksijeni, basi. Koltani ni madini mawili, kolumbaiti na tantalaiti, yaliyochanganyika. Ndani yake mna metali za niobiamu na tantalamu, pamoja na chuma na manganizi. Katika simu yako, bati limo kwenye lehemu, tantalamu kwenye kapasita, kile kijisehemu kinachohifadhi chaji ya umeme. Zote mbili hupatikana kwenye pegmatiti, miamba yenye punje kubwa, mara nyingi shimo moja, na hufika kwa dalali zikiwa gunia moja. Kuzichanganya kwa macho si aibu.

Kinachoniudhi ni kipimo cha kiganja: "Limelemea, basi koltani." Kasiteriti huwa na uzito wa karibu mara saba wa maji. Kolumbaiti huanzia mara tano na kitu, na kadiri tantalamu inavyozidi, uzito hupanda hadi kufikia mara nane. Kwa hiyo uzito wa kasiteriti uko katikati kabisa ya uzito wa koltani! Koltani yenye niobiamu nyingi ni nyepesi kuliko kasiteriti, yenye tantalamu nyingi ni nzito zaidi, na ya kati italingana nayo mkononi. Tena uzito uliwahi kuwatatiza hata wakemia. Mwaka 1809 Wollaston wa Uingereza alilinganisha kolumbaiti na tantalaiti, akaona zinatofautiana uzito, na bado akaamua kwamba elementi iliyomo ni moja. Ilikuwa hadi 1844 ndipo Heinrich Rose, Mjerumani, akaonyesha kuwa ni mbili: niobiamu na tantalamu.

Afadhali uulize unga. Chukua punje safi, isiyo na kutu ya udongo, uisage iwe laini kabisa, kisha umwage unga wake juu ya karatasi nyeupe. Kasiteriti, hata ikiwa nyeusi tititi, hutoa unga hafifu: mweupe wa kijivu au kahawia iliyopauka. Unga wa koltani hubaki na giza, kahawia nyekundu hadi weusi. Sumaku kali nayo husaidia, kwa kuwa huivuta koltani kidogo na kasiteriti kwa kawaida haijali. Ile dhaifu ya kubandika kwenye friji haitakuambia kitu.

Lakini unga hausemi tantalamu ni asilimia ngapi, na bei ya koltani imo humo. Hilo ni la maabara au la kile kipimo cha eksirei cha kushika mkononi. Tena unga wenye giza si lazima uwe wa koltani: hata wolframaiti, mbale ya metali ya tangsteni, ni nyeusi na nzito, na unga wake una giza vilevile.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi, picha ya Bisie iandikie kasiteriti. Ile usiyojua imetoka shimo gani, "mchanga mweusi" inatosha.