Paka wa Kiajemi: tunayoambiana na yaliyo kweli

"Paka hujilamba, atajitunza mwenyewe." Kwa paka wa Kiajemi, dhana hii ndiyo inayomuumiza kuliko zote. Chini ya manyoya marefu kuna tabaka jingine, laini kama pamba, na hilo ulimi wake haulimudu. Pitisha vidole kwapani, nyuma ya masikio, katikati ya mapaja: hapo ndipo fundo huanzia, dogo kama punje ya mahindi, kisha hushikana na mengine mpaka ngozi ikavutwa kila anapopiga hatua. Mchane kila siku kwa chanuo la chuma, kidogo kidogo, hadi chini kabisa. Brashi laini hupita juujuu tu. Paka ataonekana nadhifu ilhali ndani kumesokotana. Fundo lililokaza usilikate kwa mkasi, maana ngozi ya paka ni nyembamba na hupanda pamoja na fundo. Mpeleke akanyolewe kwa mashine.

Wengine huona machozi yake wakadhani ana huzuni. Uso ulivyobonyea, mfereji unaopeleka machozi puani umepinda, hivyo yanamwagika shavuni. Yafute kila siku kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, kisha kausha mikunjo. Ila akifumba jicho moja, au tongotongo zikawa za njano au kijani, ni daktari siku hiyohiyo. Macho yale yametokeza, huchubuka upesi.

Na ule mkoromo? Watu huuchekea, nami huumia nikiona hivyo. Mara nyingi ni tundu za pua zilizobana, hewa inapita kwa taabu. Joto humzidia haraka kuliko paka wengine, na akianza kuhema mdomo wazi, hiyo ni dharura.

Kwamba ni mtulivu, ni kweli. Kwamba hapendi kucheza, si kweli.

"Ana cheti cha ukoo, basi ni mzima." Cheti hutaja wazazi, hakitaji figo zao. Uzao huu una ugonjwa wa kurithi unaojaza figo vifuko vya maji, na mzazi mmoja mwenye jeni hiyo anatosha: kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuipata. Dalili huweza kuchelewa miaka mingi, lakini jeni yenyewe ilitambuliwa mwaka 2004 na kipimo kipo. Kabla ya kulipia mtoto wa paka, omba kuona majibu ya baba na mama, yote mawili, kwa maandishi.