Usomaji wa Umbo la F: Maana Yake kwa Anayeandika Mtandaoni

Usomaji wa umbo la F ni jina la njia ambayo macho ya msomaji huipita anapofungua ukurasa wenye maandishi mengi mtandaoni. Jina hilo lilienea kuanzia mwaka 2006, baada ya Jakob Nielsen na wenzake nchini Marekani kufuatilia, kwa vifaa vinavyorekodi mwendo wa jicho, namna watu 232 walivyotazama maelfu ya kurasa. Waligundua kwamba jicho hupitia mistari ya juu karibu yote, hushuka kidogo na kusoma tena kwa kipande kifupi zaidi, kisha huteremkia ukingo wa kushoto likiokota maneno mawili matatu ya mwanzo wa mistari inayofuata. Njia hiyo ikichorwa, hutokea herufi F. Kwa wasomaji wa Kiarabu, ambao huanzia kulia, herufi hiyo hugeuka.

Hapa ndipo uandishi wetu wa kiofisi unapoponzwa na adabu zake. Chukua tangazo la aina hii: “Uongozi unapenda kuwataarifu wateja wake wote kwamba, kutokana na matengenezo ya bomba kuu, huduma ya maji haitapatikana siku ya Jumamosi.” Jicho lenye haraka limeokota “Uongozi unapenda” na kwenda zake, na mwenye ndoo tupu atazipata habari bombani. “Maji hayatapatikana Jumamosi” ni maneno matatu, na habari za bomba kuu zaweza kufuata kwa yeyote anayezitaka. Kiswahili kinaturahisishia kazi hiyo kuliko tunavyodhani, kwa kuwa neno “hayatapatikana” peke yake limebeba ukanushi, maji yenyewe na wakati ujao.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba F ni mtindo wa kuigwa katika kupanga ukurasa. Umbo hilo hujitokeza hasa pale maandishi yanapomwagwa bila vichwa vidogo wala aya fupi, mbele ya msomaji ambaye hana shauku kubwa ya kusoma kila neno. Vichwa vidogo humpa jicho mahali pa kutua, ila navyo viwe na kitu ndani: “Utangulizi” na “Maelezo zaidi” havimwambii mzazi chochote, ilhali “Ada ya muhula na tarehe ya mwisho ya kulipa” humsimamisha hapo hapo.