"Wengi Wape" na Mengine Tunayowasingizia Wanafalsafa

Kaa kijiwe chochote cha kahawa Dodoma, Majengo au Chang'ombe, jioni jua likishapoa. Mabishano yakipamba moto, iwe ni kodi ya pango, ndoa ya mseto au mgogoro wa kiwanja, hakosi mmoja wa kusema, "Hata wanafalsafa walishasema..." Hapo basi, mjadala umefungwa. Ajabu ni kwamba wenye maneno hayo waliyasema ili mjadala ufunguke. Nimeyachukua yale ninayoyasikia mara nyingi, kwenye vijiwe, kwenye mahubiri na kwenye status za watu, niyarudishe kwa wenyewe.

"Falsafa inamtoa mtu kwenye imani"

Hii ni hofu ya wazazi, hasa mtoto akirudi likizo kutoka chuoni na maswali ambayo hakuondoka nayo. Lakini kijana anayetaka upadri wa Kikatoliki hapa nchini haanzi na teolojia. Anaanza na falsafa, na Kibosho na Ntungamo zimelea vijana wengi kwa kazi hiyo. Mtakatifu Augustino, Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, Algeria ya leo, anasimulia mwenyewe kwamba ujana wake ulianza kugeuka kuelekea kwa Mungu baada ya kusoma kitabu cha Cicero, Mrumi ambaye hata Mkristo hakuwa.

Upande wa Waislamu, mwanafalsafa Ibn Rushd (1126–1198) alikuwa kadhi, mtu wa sheria hasa, Seville na Córdoba. Aliandika kama mtoa fatwa: kuutafakari ulimwengu kwa hoja ni wajibu wa kisheria kwa mwenye uwezo huo. Watu hukimbilia kumtaja Imam Ghazali kama shahidi wa upande wa pili, na ni kweli aliwashambulia wanafalsafa. Alichambua masuala yao 20, akayahukumu 3 kuwa ni ukafiri. Yaliyobaki aliyaona ni makosa, lakini si ya kumtoa mtu kwenye Uislamu. Elimu ya mantiki yenyewe hakuitupa: aliiweka mwanzoni mwa kitabu chake kikubwa cha misingi ya fiqhi. Anayemtumia Ghazali kukataza kufikiri hajamsoma Ghazali.

"Jema ni jema kwa sababu Mungu kaamuru, nukta"

Hapa watu hudhani kuna pande mbili tu, wenye dini na wasioamini. Swali lenyewe ni la zamani kuliko mgawanyiko huo. Plato, Mgiriki wa kale, anaeleza jinsi mwalimu wake Socrates alivyokutana na mtu aitwaye Euthyphro nje ya mahakama. Euthyphro amekuja kumshtaki baba yake mzazi. Kibarua wao alimuua mtumwa wa nyumbani, mzee akamfunga kamba, akamtupa shimoni, akatuma mtu kwa wajuzi wa mambo ya dini kuuliza afanywe nini. Kabla jibu halijarudi, kibarua amekufa kwa njaa na baridi. Ndugu wamemjia juu Euthyphro: mtoto gani anamshtaki baba yake kwa ajili ya muuaji? Yeye anajibu kwa kujiamini kabisa kwamba anajua miungu inataka nini.

Ndipo Socrates akamuuliza: je, jambo hupendwa na miungu kwa kuwa ni jema, au huwa jema kwa kuwa miungu inalipenda?

Ukidhani hilo ni swali la kumchokoza muumini, tazama nani wameligombania. Kwa Waislamu, wanateolojia wa kundi la Muutazila walishika kwamba akili inaweza kuujua uovu wa dhuluma hata kabla ya wahyi. Wapinzani wao, kundi la Ashaari, wakasema amri ya Mungu ndiyo inayolifanya jambo kuwa jema au baya. Kwa Wakristo, Thomas wa Akwino alikaa karibu na wale wa kwanza, William wa Ockham akaegemea wa pili. Wote hao ni watu wa swala na sala. Na kabla yao, katika Mwanzo sura ya 18, Abrahamu anasimama mbele za Mungu akihoji kama Mhukumu wa dunia yote anaweza kuwaangamiza wema pamoja na waovu. Hakukemewa kwa kuuliza. Alijibiwa, akashusha hesabu kutoka 50 mpaka 10.

Kwa mji wetu hili lina kazi ya kila siku. Ibara ya 3 ya Katiba inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyokuwa na dini, na mtaa mmoja wa Dodoma unaweza kuwa na Mwanglikana wa Mvumi, Mwislamu wa Kondoa na Mlokole aliyehamia na wizara yake kutoka Dar. Mkutano wa mtaa ukijadili kilabu cha pombe kilichofunguliwa karibu na shule, "dini yangu inakataza" itamshika wa dini hiyo tu. "Watoto wanapita hapo saa nane mchana watu wameshalewa" inawashika wote. Aliyesema hivyo hajaiacha imani yake mlangoni. Ametafuta sababu ambayo jirani naye anaiona kwa macho yake.

"Kant ni yule wa mtendee mwenzio unavyotaka kutendewa"

Siye. Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, aliikosoa kanuni hiyo kwa maandishi, katika tanbihi ya kitabu chake cha mwaka 1785. Kwa kanuni hiyo, alisema, mhalifu angemuuliza hakimu, "Wewe ungependa kufungwa?" na hakimu akakosa jibu. Na bahili asiyetaka msaada wa mtu yeyote angejiona hana wajibu wa kumsaidia yeyote. Kant alidai kitu kigumu zaidi: ichukue kanuni unayoifuata kimya kimya, ifanye sheria ya watu wote, halafu uone kama bado inasimama.

Twende Kibaigwa, wilayani Kongwa, kwenye soko la mahindi la barabara ya Morogoro. Au tuseme vijijini kabla ya kufika sokoni, maana huko ndiko mchezo unakochezwa. Dalali anafika na magunia yake. Gunia linajazwa, linatikiswa, linagongwa chini mpaka mahindi yashuke, linajazwa tena, kisha linaongezewa kichwa na kushonwa kwa kamba juu ya kile kichwa. Mkulima kalipwa gunia moja. Kilichopanda kwenye fuso ni gunia na debe lake juu. Hiyo ndiyo lumbesa, na sheria ya vipimo inaikataza miaka yote.

Muulize dalali, atakwambia, "Kila mtu anafanya." Kant anamjibu kwa maneno hayo hayo: haya, na iwe kila mtu kweli. Siku lumbesa ikiwa ndiyo gunia la nchi nzima, haimpunji tena mtu. Mkulima ataipangia bei yake, na dalali itabidi aongeze kichwa juu ya kichwa. Ujanja wake unapata nafasi kwa sababu wapo watu ambao wakisema gunia wanamaanisha gunia. Anaishi kwa uaminifu wa wengine, huku akiuvunja. Kosa hilo unaliona bila hata kuuliza kama yeye angependa kufanyiwa hivyo. Na huenda angekwambia haoni shida, biashara ndivyo ilivyo.

Kant hakuishia hapo. Ana mfano wa mwenye duka asiyempandishia bei mtoto aliyetumwa, kwa sababu tu jina baya litamfukuzia wateja. Anasema huyo kafanya sawa lakini hana sifa ya kimaadili. Hapo mimi namwacha kidogo. Mkulima wa Kongwa hana haja na usafi wa moyo wa dalali. Anachotaka ni mizani.

"Wengi wape, ndiyo falsafa ya Bentham na Mill"

Methali ni yetu, na ina busara yake, lakini tusiwavike Waingereza hao. Bentham alidai furaha na maumivu ya kila mtu yapimwe, na kila mtu ahesabiwe mmoja, asizidi wala asipungue. Huko si kuhesabu mikono iliyonyooshwa. Maumivu mazito ya mtu mmoja yanaweza kushinda starehe ndogo za watu kumi. Mill naye, mwaka 1859, aliandika kitabu kizima ambacho hofu yake kubwa ni udhalimu wa walio wengi.

Mkoa huu una mfano wake wa hesabu iliyokosewa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1947 ukaanza mradi wa karanga wa Tanganyika, zaidi ya ekari milioni 3 kwenye karatasi, na Kongwa ikawa ya kwanza kufyekwa. Faida ilikuwa ya wengi kweli: mamilioni ya familia kule, na ahadi ya maendeleo huku. Lakini udongo wa Kongwa ukikauka unakakamaa mpaka unavunja vyuma vya trekta, na mvua za Ugogo hazisomi kalenda. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuachana na mradi, hasara ikiwa kama pauni milioni 36. Walihesabu walaji wa London wakawaacha Wagogo, ambao wangewaambia habari za mvua bila kutoza senti. Bentham asingeipitisha hesabu hiyo.

Mfano wa pili unauma zaidi kwa kuwa ni wa kwetu wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mkoa wa Dodoma ulikuwa kati ya mikoa ya kwanza kuhamishiwa watu vijijini kwa operesheni, na Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatamka kuishi vijijini ni amri. Lengo lilikuwa shule, maji na zahanati karibu na watu, na pengine wengi walivipata. Lakini sehemu mbalimbali za nchi nyumba za waliogoma zilibomolewa, nyingine zikachomwa.

Mwalimu huyo huyo, alipokuwa mwanafunzi Makerere miaka ya 1940, aliandika insha akichukua hoja za Mill juu ya kukandamizwa kwa wanawake na kuzipima kwa kabila lake la Wazanaki. Na alipenda kuisimulia demokrasia ya Kiafrika kama wazee waliokaa chini ya mti wakizungumza mpaka wakubaliane. Mwanafalsafa wa Ghana, Kwasi Wiredu, baadaye aliijenga hoja hiyo kwa kina: kura ya wengi humwacha aliyeshindwa nje, wakati mazungumzo marefu humfanya naye awe mwenye uamuzi. Nikiweka insha ya Makerere na wazee wa chini ya mti upande mmoja, na amri ya 1973 upande wa pili, namwona Nyerere anabishana na Nyerere. Sidhani alimaliza.

Za haraka

"Tule, tunywe, kesho tutakufa" si maneno ya Epicurus, yule Mgiriki aliyefundisha kwamba jema ni raha. Yamo katika Isaya 22, na Paulo akayarudia kwa Wakorintho. Epicurus aliridhika na mkate na maji, na kuna barua anaomba atumiwe jibini kidogo ili siku moja afanye karamu. Mvinyo wa Dodoma utafutiwe msemaji mwingine.

Wastoa, wanafalsafa wa kale wa Ugiriki na Roma, nao hawakufundisha kuvumilia kila kitu. Kumwambia mke anayepigwa "kubali usiloweza kulibadili" ni kuwatukana. Haki ni moja ya fadhila zao kuu nne, na Epictetus, aliyezaliwa mtumwa, alijua tofauti kati ya mvua isiyokunyeshea na mtu anayekuonea.

"Marx alisema dini ni afyuni, kwa hiyo waumini ni wajinga"

Soma sentensi zilizotangulia katika andiko lile la 1844. Dini, anasema, ni kilio cha kiumbe aliyeonewa, ni moyo wa dunia isiyo na moyo. Afyuni enzi hizo ilikuwa pia dawa ya maumivu. Hakuwa rafiki wa dini, lakini hasira yake ilikuwa juu ya kinachomuuma mtu. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilometa na kilometa kwenda kunywa kikombe cha dawa cha Babu wa Loliondo. Wasomi walicheka sana. Swali la Marx lingekuwa: hawa wametoka hospitali gani, na waliambiwa nini huko?

"Socrates alikunywa sumu, kwa hiyo raia mwema hahoji"

Hii inapendwa na wenye ofisi. Mwaka 399 KK mahakama ya raia wapatao 500 ilimhukumu Socrates kwa kosa la kutoheshimu miungu ya mji na kuharibu vijana. Akakataa kutoroshwa gerezani, akafa. Kweli. Lakini miaka michache nyuma, watawala 30 waliotwaa mji walipomtuma yeye na wenzake wanne wakamkamate Leon wa Salamis ili auawe, wenzake walikwenda, yeye akarudi nyumbani. Na mbele ya waliomhukumu alisema wazi: mkiniachia kwa sharti la kuacha kuhoji, sitatii.

Hata pale gerezani, Sheria za Athens anazozipa sauti zinampa raia njia mbili: azishawishi au azitii. Aliyekuta nyumba yake imepigwa X nyekundu, akabeba hati zake kwenda baraza la ardhi na kuuliza kwa nini, yuko kwenye njia ya kwanza, na ni ya Socrates vilevile. Yeye mwenyewe aliifuata mpaka mwisho. Kura zilipohesabiwa akasema amestaajabu kushindwa kwa chache hivyo. 30 tu zingehamia upande wake, angetoka huru. Kisha, kwa utaratibu wa mahakama ile, akatakiwa kupendekeza adhabu inayomfaa, akaanza kwa kuomba alishwe bure na mji, kama washindi wa Olimpiki.